Nilivyoitafuta nyumba ya katikati Busia

Chama chetu cha Matayos, kaunti ya Busia, kilitaka kupanga upya viwango vya mikopo. Mama mwenyekiti akaniuliza: nyumba ya kawaida hapa kwetu hupata shilingi ngapi kwa mwezi, na hali imepanda au imeshuka tangu tuanze 2006? Nikamwahidi jibu baada ya wiki mbili. Lilinichukua miezi mitano.

Nilianza vibaya. Nilizunguka na daftari nikiuliza watu kipato chao. Kijana wa bodaboda akanitajia pesa ya siku nzuri. Mkulima wa miwa akasema hana kitu, na kweli siku hiyo hakuwa nacho, maana malipo yake huja kwa mkupuo baada ya mwaka na zaidi wa kungoja. Kisha nyumba moja yenye duka na matatu ikaingia katika hesabu, wastani ukaruka hadi hakuna mtu kijijini aliyejiona ndani yake. Ndipo nikaacha wastani nikashika mediani: panga nyumba zote kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha utazame iliyo katikati. Kwa nyumba zangu 25, ni ya 13. Mwenye matatu hata akinunua ya pili, ile ya 13 haisogei.

Swali lenyewe lilirekebishwa na bibi mmoja niliyemkuta akianika muhogo. "Mjukuu wangu, mimi mshahara sina," aliniambia. "Niulize wiki hii tumekula nini, nitakujibu." Maneno yake yalinikaa. Hata KNBS, shirika la taifa la takwimu, katika tafiti zake za bajeti za kaya za 2005/06 na 2015/16, ilipima umaskini kwa matumizi, na chakula kilichotoka shambani kikathaminiwa kwa pesa. Nikaanza upya. Gorogoro ya mahindi ya shambani niliiandika kwa bei ya soko ya wiki hiyo, sawa na ile iliyonunuliwa. Nikaandika omena, sukuma, sabuni, karo, nauli, kuku aliyechinjiwa mgeni. Pesa aliyotuma mtoto wa Nairobi kwa M-Pesa sikuiongeza juu, kwa sababu tayari imo katika vitu vilivyonunuliwa. Ukiiandika tena umeihesabu mara mbili.

Nilipita mara mbili, Mei wakati ghala ni tupu, na Septemba baada ya mavuno. Kwa baadhi ya nyumba ungedhani ni familia tofauti.

Kulikuwa pia na suala la ukubwa wa nyumba. Nilifuata vipimo vinavyotumika katika tafiti hizo: mtoto wa chini ya miaka 5 ni 0.24 ya mtu mzima, wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65, aliyefikisha 15 ni 1. Wazazi wawili wenye watoto wa miaka 3, 8 na 11 wanakuwa watu wazima 3.54, na matumizi ya nyumba nayagawa kwa hiyo.

Kurudi nyuma ndiko kulikonitoa jasho. Mwaka 2005/06 kaunti hazikuwepo. Busia ya leo ni wilaya mbili za zamani, Busia na Teso. Na mediani mbili huwezi kuzijumlisha ukagawa kwa mbili, lazima uzichanganye nyumba zote na kuzipanga upya. Sikuwa na data hiyo ya nyumba moja moja. Nikatumia nilichokuwa nacho. Mwaka 2015/16, asilimia 69.3 ya watu wa Busia walikuwa chini ya mstari wa umaskini, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa maskini, na mstari huo mashambani ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kaunti yetu karibu yote ni mashamba. Watu zaidi ya nusu wakiwa chini ya mstari, basi mtu wa katikati naye yuko chini yake. Nasema mtu, si nyumba, kwa sababu nyumba maskini huwa na watu wengi, na ukihesabu nyumba asilimia hiyo hupungua kiasi.

Mwaka 2005/06 mstari huo wa mashambani ulikuwa 1,562. Umezidi mara mbili kwa miaka kumi. Kwa hiyo aliyetumia 1,500 wakati ule na 3,000 baadaye hakupanda: ukizirudisha 3,000 zake kwa kipimo cha zamani, unapata kama 1,440. Kwa miaka iliyofuata nimetumia fahirisi ya bei, kipimo cha jinsi bei za vitu zinavyopanda, ambayo KNBS hutoa kila mwezi.

Nilipowaonyesha hesabu hiyo kwenye mkutano, mama mwenyekiti aliomba niirudie polepole. Wanachama kadhaa walikuwa wakijilaumu kwa uvivu, kwamba pesa inaongezeka mkononi lakini haikai. Tukakubaliana wanaotegemea shamba walipe mikopo Agosti na Septemba, Mei wasisumbuliwe.

Nitarudi kwa nyumba zilezile 25 mwakani. Moja imehamia Bumala kutafuta vibarua, na nimeshachukua namba yao, kwa sababu nikiwaacha wanaohama nitabaki nikiwapima waliofaulu kukaa tu.