Siku moja maishani mwangu: Jumamosi kwenye chumba cha kumbukumbu, Bagamoyo

Saa 12:15 asubuhi
Nafika Mji Mkongwe jua halijapanda. Kule chini ufukweni mnada wa samaki umeshaanza, sauti za madalali zinafika mpaka huku juu. Nafungua kufuli la nyumba tuliyoazimwa na familia moja ya hapa mjini: ukumbi na vyumba viwili, kuta za mawe ya matumbawe, dari la boriti za mikoko. Humu ndimo tunamoweka vitu vya watu wa Bagamoyo wenyewe, vya jikoni, vya uvuvi, vya kazi. Siku za wiki nafundisha shule ya msingi, Jumamosi ni ya hapa. Tuko wanane na hakuna anayelipwa.

Naanza na ukuta kabla ya kugusa kitu chochote. Upande wa bahari unatoa chumvi, nyeupe kama unga wa muhogo, na ukiuachia unapukutika. Miaka mitatu iliyopita tulichangishana tukamlipa fundi atupigie plasta ya saruji, tukiamini tunauimarisha. Saruji haipitishi unyevu. Maji yakabaki ndani, na masika yaliyofuata plasta ikadondoka na vipande vya mawe. Iliniuma mno, maana mawe yale yalishakaa miaka mia na zaidi kabla yetu. Sasa tunatumia chokaa tu. Inalowekwa wiki kadhaa, inachanganywa na mchanga uliooshwa ukaisha chumvi, kisha inapigwa kidogo kidogo, safu juu ya safu. Vijana wawili wamekuja kumalizia kipande cha chini karibu na mlango. Mmoja ni dereva wa bodaboda, atapiga chokaa mpaka saa tatu ndipo aingie barabarani.

Saa 3:00
Kupangusa. Kitambaa laini, kikavu, wala si cha maji. Nainua kila kitu cha mbao nikitazama chini yake: ukikuta unga mlaini kama poda, ujue bungua wameingia. Leo nimeukuta chini ya kigoda kimoja. Nakitoa, nakifunga kwenye nailoni peke yake kisije kikaambukiza vingine.

Saa 4:00
Wanafunzi wa darasa la sita, wapata arobaini, na walimu wao wawili. Wametokea misheni, kwa mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka 1868. Wameuona mbuyu na mnara ambako mwili wa Livingstone, yule msafiri na mmisionari wa Kiskoti aliyefia bara, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Nawauliza: nani aliubeba mpaka hapa? Mikono miwili inanyooka. "Chuma na Susi!" Vizuri. Nao hawakuwa peke yao, lilikuwa kundi zima lililotembea kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500.

Hapo ndipo natoa mzigo. Ni robota la vitambaa tulilolifunga wenyewe, frasila mbili, kama kilo 32. Huo ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Mvulana mmoja mwenye mabega mapana analipandisha begani, anapiga hatua sita, analitua. Hakuna anayemcheka. Nawaambia wafikirie mpaka Tabora, kwa miguu, miezi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walipoanza safari yao ya bara kutoka pwani hii mwaka 1857, majina yao yaliandikwa. Waliowabebea mizigo wengi wao waliachwa wakiwa hesabu tu. Nawaeleza pia kuhusu waliopita njia hiyohiyo wamefungwa minyororo. Sipunguzi neno, ingawa hapo huwa kunakuwa kimya na mimi mwenyewe koo hunikauka.

Mwalimu mmoja anauliza habari za Sewa Haji. Watoto wanashangaa kusikia kwamba jengo la Sewahaji pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, limebeba jina la mfanyabiashara wa mji huu.

Saa 7:30
Wali na samaki kwa mama ntilie wa kona. Hatutozi pesa nusu, naye ni mmoja wa wale wanane.

Saa 9:00
Bi mkubwa mmoja anaingia na kitu amekifunga kwa kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimewaletea mbuzi."

Ni mbuzi ya kukunia nazi. Ulimi wa chuma umeliwa, meno ya katikati yamebaki mafupi kuliko ya pembeni. Kibao kimelika upande mmoja, kimeingia kama kiganja. Namwuliza kwa nini upande mmoja. Anakaa ili nione: mama yake alikalia ubavu, miguu yote kulia, maisha yake yote.

Nachukua daftari. Namba, tarehe, vipimo, hali yake, aliyeleta, aliyetengeneza, aliyetumia. Safu mbili za mwisho hatukuwa nazo mwaka wa kwanza. Kuna vitu vinne rafuni ambavyo daftari linasema "mbao na chuma" basi, na hakuna kati yetu anayekumbuka vimetoka nyumba gani. Kila nikivipangusa naona tumewapoteza watu wale mara ya pili.

"Nisomee," anasema.

Namsomea: imechongwa na baba yake, kwa mbao ya mwembe, kwa ajili ya mke wake.

"Mke wake hana jina?"

Naomba radhi. Anataja jina la mama yake, la baba, la babu. Anasema niandike pia kwamba shughuli yoyote mtaani, arusi, maulidi, hitima, mbuzi hii ilitangulia na mama akafuata. Nakata mstari, naandika upya, safari hii mistari sita. Ananyamaza, halafu: "Lakini sijaitoa. Nimewaazima. Arusi ya mjukuu wangu nitakuja kuichukua."

Naandika "imeazimwa". Sioni ubaya wowote: kitu kinachotoka kwenda kukuna nazi na kurudi kina heri kuliko kinachokaa tu.

Saa 12:00 jioni
Napiga picha kurasa za leo kwa simu, nawatumia wenzangu wawili wawe na nakala. Chokaa ya mlangoni bado mbichi, naitundikia gunia bichi isikauke haraka ikapasuka. Mbuzi naiweka rafu ya chini, meno yakielekea ukutani, watoto wasije wakajikata.