RNA zisizotengeneza protini, na haya zetu

Juzi mpaka leo nasoma habari za RNA zisizotengeneza protini na akili haitaki kutua, bora niandike tu. Skuli tulisoma DNA, yale maelekezo ya urithi ndani ya seli, inatoa nakala inayoitwa RNA, RNA inatoa protini, basi. Kumbe sehemu ya DNA yetu inayotengeneza protini haifiki hata asilimia 2, na iliyobaki kuna wataalamu waliiita takataka miaka na miaka! Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun kule Marekani wakaonesha, kwenye kijinyoo kidogo mno, kwamba kuna maikroRNA, vipande vya RNA vya herufi kama 22 tu (herufi ni vile viungo vya kemikali vinavyoiunda), kazi yake kunyamazisha jeni nyengine. Nobeli wamepewa 2024.

Sasa kwenye saratani ya utumbo mpana maikroRNA moja, miR-21, inapanda sana, inazibana jeni za PTEN na PDCD4 ambazo ndo zinazozuia seli zisizaliane ovyo, na huku miR-143 na miR-145 zinapungua. Zipo na RNA ndefu, zaidi ya herufi 200, kama CCAT2 ilokuwa jirani na jeni ya MYC, ile inayosukuma seli zizaliane, na inaichochea.

Ila kilichonishika hasa ni kwamba hizi ndogo haziharibiki haraka, zinaonekana kwenye damu na kwenye choo. Hapo nikamkumbuka ami yangu wa Wete, Mungu amrehemu. Alitokwa na damu chooni muda mrefu, akasema bawasiri hiyo, akanywa miti shamba, na daktari alipotaka kumpima kwa kamera inayoingizwa utumboni kwa njia ya nyuma akakataa katakata, mtu mzima na wajukuu zake, atavuliwa vipi? Alipokubali ugonjwa ushafika kwenye ini. Simlaumu hata kidogo, kuona haya tumelelewa nako. Lakini angeambiwa toa damu ya mkononi tu, wallahi angekwenda siku ile ile.

Bado hatujafika huko lakini. miR-21 inapanda kwenye saratani nyengine nyingi pia, peke yake haisemi ugonjwa uko wapi, kwa hiyo watafiti wanajaribu kupima kadhaa kwa pamoja, na kamera bado ndo inayothibitisha, tena daktari anaweza kuvikata hapo hapo vinyama vinavyoota utumboni kabla havijageuka saratani, maana kugeuka kwenyewe mara nyingi kunachukua miaka mingi.

Baba yangu na ami ni tumbo moja, na ndugu wa mgonjwa hatari yake inazidi ya watu wengine. Nimemsemesha weee, jana kakubali kwenda, sharti lake daktari awe mwanamme.