Kibanda cha Sukkot katika somo la hisabati

Wiki hii, katika shule ya Kiyahudi ninakofundisha hisabati hapa Marekani, wanafunzi wangu wamejenga pamoja na wazazi wao kibanda cha Sukkot, sikukuu inayokumbusha safari ya Waisraeli jangwani. Mwalimu wa dini aliwasomea sharti la Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, kwamba kibanda kisizidi dhiraa 20 kwenda juu (dhiraa ni urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati), nami nikawaacha wapime kwa mikono yao wenyewe, wakaona kwamba dhiraa ya mtoto na ya mzazi hazilingani. Mjadala mrefu zaidi, ambao kwangu ndio elimu hasa, ulihusu paa la matawi, kwa kuwa kivuli chake lazima kizidi jua. Walitandaza karatasi ya miraba sakafuni wakahesabu miraba yenye kivuli na yenye jua. Jumapili familia zote zitakula humo pamoja na wazee wa mtaa.