PostgreSQL kwenye biashara ya mahindi Kibaigwa

Wafanyabiashara wengi huku Dodoma bado wanaweka hesabu za stoo kwenye Excel, na kwa mtu mmoja inatosha kabisa, shida inaanza karani wa mizani na karani wa malipo wakitaka kuandika kwa pamoja. Jamaa zangu wanaonunua mahindi pale soko la Kibaigwa wamehamia PostgreSQL, programu ya hifadhidata (inatunza data kwenye majedwali na watu wengi wanaandika kwa pamoja), ni ya bure, mradi wake ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley mwaka 1986, na kinachowafurahisha zaidi sio spidi. Ni umeme! Ukikatika katikati ya mauzo, yaani magunia yameshapunguzwa stoo ila deni la mteja halijaandikwa, mashine ikiwaka tena unakuta ile kazi nusu imefutwa yote (mradi hatua zote mbili mlizifunga kwenye muamala mmoja), ama viingie vyote viwili ama kisiingie hata kimoja. Pia huwezi kuandika mauzo ya mteja ambaye hayupo kwenye jedwali la wateja, inakugomea hapo hapo (kama mliiwekea hilo sharti mwanzoni lakini, wengine wanaruka hiyo hatua halafu wanalalamika data chafu). Ila bakapu jamani, yaani nakala ya akiba ya data, haijifanyi yenyewe, ipangieni kila usiku, nakala moja ikae nje ya ofisi, na mjaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine muone kama inafunguka kweli.