Wale watatu wa ukurasa wa 143

Siku ya kutetea tasnifu yangu nilifika saa nzima kabla, nimekariri nadharia zote, slaidi 22, na majibu ya maswali kama 40 hivi niliyojitungia mwenyewe usiku, halafu swali lililoniangusha halikuwemo hata kidogo.

Mtahini wa nje alikuwa mpole, sauti ya chini, nakala yake imejaa vikaratasi vya njano pembeni kama kifaranga anayeota manyoya. Akafungua ukurasa wa 61 akasoma, "wahojiwa 212." Akafunua mpaka wa 143 akasoma, "wahojiwa 209." Akanitazama. Hakuuliza kitu, bora hata angeuliza.

Mimi huyo nikaanza porojo. Sampuli, uhalali wa matokeo, mbinu za utafiti sijui nini, dakika kama tano nazunguka mbuyu na huku najisikia mwenyewe kabisa kwamba hapa hamna kitu nasema. Akasubiri nimalize. "Sawa. Hao watatu wako wapi?"

Wiki moja kabla, supavaiza wangu aliniona nimepauka kwa woga akanambia acha kujitisha bwana, Freeman Dyson yule mwanafizikia alipewa uprofesa Cornell mwaka 1951 na PhD hakuwahi kuipata mpaka anakufa, kwa hiyo usidhani wale watu wanakuja kupima akili yako. Nikaona ananibembeleza tu. Pale kwenye kiti ndo nikamwelewa, maana 212 kutoa 209 hata mtoto wa darasa la pili anaweza.

Nikanyamaza. Halafu nikasema ukweli. Wawili, rekoda ilikata katikati ya mahojiano na sikugundua mpaka nilipofika nyumbani. Wa tatu alinipigia simu baada ya miezi miwili akasema naomba unitoe humo, sitaki tena, nikamtoa, ni haki yake. Ila sikuandika popote, kwa sababu kwenye pendekezo la utafiti nilikuwa nimeahidi watu 210 na nikaona aibu kupungukiwa na mmoja. Mmoja tu jamani! Kwa hiyo sura ya tatu nikaacha 212 yangu, kwenye majedwali programu ya takwimu ikahesabu 209, yenyewe haina aibu.

Mtahini akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hayo ndiyo nilitaka kuyasoma."

Wakanitoa nje, nikasimama kwenye korido, wakaniita. Nimefaulu, masahihisho madogo, miezi mitatu. Jioni mjomba akapiga simu, "Hongera dokta, sasa nisaidie hili goti," nikamweleza kwamba neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini cha kufundisha, mimi ni mwalimu tu mjomba, akasema haya mwalimu, ila linauma.

Masahihisho mengi yalikuwa koma na marejeo, nikayamaliza kwa wikiendi moja. Tanbihi ya ukurasa wa 61 ndo ilinichukua siku tatu, naandika nafuta, kila nikiisoma nakuta bado najitetea. Mwisho ikabaki mistari miwili: "Rekodi mbili ziliharibika kwa uzembe wa mtafiti. Mhojiwa mmoja aliomba kuondolewa, akaondolewa."