Siku mkono ulipoanza kudunda

Nilikuwa Houston bado, Marekani, figo zimefeli nasafisha damu kwa mashine (dayalisisi) Jumatatu Jumatano Ijumaa, zamu ya saa 11 alfajiri ile tunayoigombania sisi wenye kazi. Jumatano hiyo nesi akaweka stetoskopu kwenye fistula yangu, yaani ule mshipa waliouunganisha kwa upasuaji ili uchomwe sindano za mashine, mkono wa kushoto, akasikiliza weee, akahamisha, akasikiliza tena, akaniuliza tangu lini damu inachelewa kukata ukichomolewa sindano? Nikamwambia wiki hizi mbili hivi. Na ni kweli hata mashine ilikuwa inapiga alam kila saa, maana inavuta karibu mililita 400 kwa dakika na inatakiwa kuzirudisha zote, sasa kama mbele mshipa umebana presha lazima ipande.

Akanishika vidole vya kulia akaniwekea pale juu. Kawaida nikigusa nasikia mtetemo kama simu iko vibration, siku hiyo hamna, ni du, du, du.

Jamani nilichoka. Sindano siziogopi, nilichokuwa naogopa ni mpira wa shingoni, ule unaoingizwa kwenye mshipa damu ipitie humo kwenda kwenye mashine, nilianza nao miezi ile fistula inasubiriwa ikomae, huogi vizuri, hulali vizuri, homa kidogo tu unawaza wadudu wameshaingia kwenye damu. Na mshipa ukibana ukaachwa damu inaganda humo humo, basi fistula imekwenda.

Nikajua napelekwa emajensi. Wapi, wakapiga simu kwenye kliniki inayoshughulika na mishipa ya wagonjwa wa dayalisisi tu, nikaambiwa njoo kesho, usile kuanzia usiku wa manane na uje na mtu wa kukurudisha. Jirani yangu Mkenya akaomba ruhusa kazini akanipeleka, Mungu ambariki.

Ganzi, dawa ya kulegeza mwili, dai (dawa ya kufanya mshipa uonekane kwenye picha) ikaingizwa, nikaona mshipa kwenye skrini, mpana halafu karibu na kwapa umekuwa mwembamba ghafla. Daktari akapitisha waya, kwenye waya puto dogo, akalijaza. Aisee! Ganzi ile ni ya ngozi tu kumbe, kule ndani nilisikia kila kitu, akawa ananiambia vumilia kidogo kidogo, afu akalitoa maumivu yakaisha palepale. Nyuzi moja, plasta, kagusa, mtetemo huo! Akanionya hii huwa inarudi kubana, kwa hiyo kila asubuhi nipapase, na siku nikikosa mtetemo nipige simu saa hiyohiyo.

Mchana niko kwangu nakula wali maharage, dada anapiga kutoka Tanga analia, umelazwa wadi gani, nani anakuletea uji? Namwambia niko nyumbani, kesho nachomwa mkono uleule, haamini. Ikabidi nipige video. Kaangalia plasta, kaangalia sahani, akaanza kugomba hao madaktari gani wanamruhusu mgonjwa wa figo ale maharage.