Flashi inasoma lakini haiimbi: ninavyozifufua faili za sauti Kondele

"Fundi, inasoma lakini haiimbi." Hiyo ndiyo kauli ninayopokea zaidi Kondele, hapa Kisumu, iwe flashi ni ya matatu au ni rekodi ya kwaya au ya matanga. Redio ndiyo hulaumiwa, lakini mimi huanzia kwenye faili. Herufi zinazofuata nukta kwenye jina ni kibandiko tu, na kibandiko chaweza kudanganya.

Huwa natazama baiti za mwanzo za faili kwa amri hii ya kompyuta: `xxd wimbo.mp3 | head -1`. Nikiona OggS, hiyo si MP3 hata ikiitwa hivyo. Mara nyingi ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao ni Opus, njia nyingine ya kubana sauti. Neno ftyp linaonyesha familia ya m4a, ambamo kwa kawaida mna AAC, nayo ni njia ya kubana sauti. #!AMR ni rekodi ya simu za kitambo. MP3 halisi kwa kawaida huanza na ID3 (lebo ya jina la wimbo na msanii) au moja kwa moja na baiti kama FF FB. Kisha `ffprobe wimbo.mp3` hunipa kodeki (njia iliyotumika kubana sauti), sampuli kwa sekunde (vipimo vya wimbi la sauti) na chaneli. Simu hucheza zote kwa sababu programu yake huchungulia ndani. Redio nyingi za bei nafuu za gari zinajua MP3 na WMA, basi. Kubadilisha jina la faili si kuigeuza, hata kama kuna wanaotoza pesa kwa kazi hiyo.

Ukijua dikoda, yaani kifunguzi cha sauti iliyobanwa, inavyofanya kazi, makosa mengi hujieleza. MP3 imegawanywa katika fremu za sampuli 1152, kama milisekunde 26 kila moja kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Kila fremu huanza na biti 11 zenye thamani ya 1. Dikoda huisaka alama hiyo, husoma kasi ya biti, hukokotoa urefu wa fremu (kwa kbps 128 ni baiti 417 au 418), hufungua misimbo ya Huffman (inayofupisha data), hurudisha nguvu ya kila masafa, kisha hubadilisha masafa kuwa wimbi linalokwenda kwenye spika. Baiti chache zikiharibika katikati, utasikia mkwaruzo, halafu dikoda itaikamata alama inayofuata na wimbo utaendelea. Tena fremu huweza kutumia nafasi iliyobaki kwenye fremu za nyuma yake, hadi baiti 511. Ndiyo maana kipande kilichokatwa kienyeji katikati ya wimbo huanza kwa kimya kidogo au mlio: kile ambacho fremu ya kwanza iliweka nyuma kimeachwa.

M4a haina ustahimilivu huo. Faharasa yake, iitwayo moov, kwa kawaida huandikwa mwishoni rekodi inapofungwa. Simu ikizima chaji katikati ya ibada, ffprobe husema `moov atom not found`, na hapo hakuna programu ya kugeuza itakayosaidia. Namwomba mwenyewe arekodi dakika moja mpya kwa simu ileile, programu ileile na mipangilio ileile. Kisha natumia untrunc, programu ya kufufua rekodi zilizokatika: `untrunc nzima.m4a mbovu.m4a`. Hiyo nzima huifundisha jinsi data ilivyopangwa. Mara nyingi sehemu kubwa hurudi. Muhimu ni kutorekodi kitu kingine juu ya ile mbovu, wala kuifuta.

Faili iliyo salama ila redio haiielewi, naigeuza hivi:

`ffmpeg -i ingizo.opus -vn -map_metadata -1 -ar 44100 -ac 2 -c:a libmp3lame -b:a 128k wimbo.mp3`

Hiyo -vn huondoa picha ya jalada. Picha hukaa ndani ya ID3 kabla ya fremu ya kwanza, na ikiwa ya megabaiti kadhaa redio nyingine huchoka kuisaka sauti, ikaruka wimbo. Kasi ya biti naiweka isiyobadilika, kwa kuwa inayobadilika hufanya redio za zamani zionyeshe dakika za uongo. 128 hula karibu MB 1 kwa dakika. Anayetaka 320 kutoka kwa ujumbe wa WhatsApp anajaza flashi bure. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi.

AAC ikicheza lakini sauti imefifia kama spika imefunikwa blanketi, angalia kama ffprobe inaandika HE-AAC. Dikoda ya zamani husoma nusu ya chini ya masafa na kuiacha ile ya juu. Dawa ni amri ileile.

Sasa flashi yenyewe. Za GB 64 huja na mpangilio wa faili uitwao exFAT, na redio nyingi zinataka FAT32, kwa hiyo nazifomati upya. Redio hizo pia hufuata mpangilio wa kunakiliwa, si wa majina, kwa hiyo nanakili nyimbo moja baada ya nyingine, au natumia fatsort, programu ya kuzipanga upya.

Wimbo ukianza vizuri kisha ukageuka kelele, nalinganisha: `ffmpeg -v error -i wimbo.mp3 -f null -` kwa nakala iliyo kwenye kompyuta, halafu kwa iliyo kwenye flashi. Ya kompyuta ikinyamaza na ya flashi ikitoa mistari ya makosa, nahifadhi kilichomo kwanza, kisha naendesha f3write na f3read, zinazojaza flashi na kusoma tena kilichoandikwa. Flashi feki za sokoni hujitangaza kuwa na nafasi ambayo hazina. Kila kitu kinachopita uwezo wake halisi huandikwa hewani. Hiyo haina matengenezo, namrudishia mwenyewe anunue nyingine.